Gari Imetunzwa

Mwezi wa Aprili, masika yalipokuwa yamekolea, nilitia mkono chini ya zulia la gari iliyokuwa ikisubiri mnunuzi, nikautoa umelowa. Haukuwa ule unyevu wa kawaida wa hewa yetu ya pwani. Maji yalichuruzika vidoleni, na yalinuka kama tangi lililoachwa wazi. Niliutia mkono mara ya pili ili nihakikishe, kisha nikalilaza zulia kama nilivyolikuta na kuendelea kusugua siti.

Nilikuwa nafanya kazi kwa ami yangu, Kiembe Samaki, kwenye banda lake la kuoshea gari, si mbali na uwanja wa ndege. Ndege ikishuka hupita juu ya bati kwa kishindo, na mazungumzo yote husimama mpaka itue. Nilikuwa nikienda Jumamosi na Jumapili, na siku nyengine ambazo sina vipindi, kwa sababu ada ya shahada ya uzamili haijilipi. Ami hakunipa kazi ya kuosha nje. Hiyo ina vijana wake. Mimi alinipa ndani: dashibodi, milango, usukani, siti. Alisema mtu anayesoma vitabu ana subira ya vitu vidogo.

Gari ile ililetwa na dalali mmoja ili isafishwe kabla ya kuonyeshwa. Nilimwambia ami kwamba chini mna maji. Akaja, akainama, akanusa, akainuka.

"Hayo si yetu," akasema. "Sisi tumeambiwa tuing'arishe. Maliza siti, kisha tia udi."

Nikatia udi. Nilichukua chetezo, nikakiweka ndani kwa uangalifu, nikafunga milango, na nilipoifungua tena gari ilikuwa inanukia kama chumba cha harusi. Dashibodi nilikuwa nimeshaipaka mafuta ya kung'arisha tangu asubuhi. Ilikuwa nyeusi, imelainika, na ufa mdogo uliokuwa karibu na kioo cha mbele ulikuwa hauonekani tena mpaka uutafute kwa kidole.

Alasiri akaja mnunuzi. Alikuwa mwalimu wangu wa skuli ya msingi. Ameshastaafu, na kiinua mgongo chake kilikuwa kimetoka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa furaha na kunishika bega. Aliizunguka gari, akaingia, akakaa, akapitisha kiganja juu ya dashibodi. Kisha akaniuliza mimi, wala si dalali aliyekuwa amesimama pembeni:

"Mwanangu, gari hii imetunzwa?"

"Imetunzwa, Mwalimu."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miezi. Kwa sarufi halina kosa. Gari ilikuwa imetunzwa kweli: siku ile ile, na mimi, tangu asubuhi. Kitenzi kikiwa katika kauli ya kutendwa hakilazimiki kumtaja aliyetenda, wala hakisemi tangu lini. Nilijificha humo. Na kwa kuwa sikutamka neno hata moja lisilo la kweli, nilidhani nimesalimika.

Swali linalonisumbua si tu kama nilisema uongo. Nataka kujua ulianzia wapi. Ulianza kwenye lile neno? Au kwenye udi? Au kwenye zulia nililolilaza? Au ulianza asubuhi, nilipochukua kitambaa na kupaka mafuta juu ya ufa, kabla sijajua nani atakuja kununua? Mtu anayesafisha kitu ili kiuzwe, ni wapi anapovuka kutoka kutunza na kuingia kwenye kudanganya?

Siwezi kulijibu bila ya kuieleza kazi yenyewe.

Sehemu kubwa ya tunachokiita ngozi ndani ya gari si ngozi. Hata gari inayouzwa kwa sifa ya siti za ngozi, mara nyingi ngozi halisi iko pale tu mwili unapogusa, yaani mgongoni na makalioni; ubavuni, nyuma ya siti na milangoni ni plastiki iliyopigwa chapa ya vinyweleo. Plastiki hiyo ni PVC, ndugu wa mabomba ya maji tunayofukia ardhini. Kwa asili yake ni ngumu. Mwaka 1926 mkemia wa Marekani, Waldo Semon, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya B.F. Goodrich, aligundua namna ya kuilainisha kwa kuichanganya na vimiminika fulani, na tokea hapo ikawezekana kuishona kama kitambaa.

Lakini vilainishi hivyo havikai milele. Gari iliyofungwa vioo na kuachwa juani kwetu, dashibodi yake inaweza kupita nyuzi 60 za joto. Joto huvifukuza vilainishi kidogo kidogo. Vyengine huenda kuganda kwenye kioo cha mbele kwa ndani, na ndio ule utando wa mafuta unaoonekana usiku taa za gari nyengine zinapokupiga usoni. Plastiki iliyobaki husinyaa na kukakamaa, na mionzi ya jua inaivunja kutoka juu. Mwisho hupasuka. Ufa wa dashibodi haurudi nyuma. Hakuna dawa ya chupa inayoufunga.

Ngozi halisi nayo sivyo tunavyoidhani. Ngozi ya siti za gari za leo imepakwa rangi na kufunikwa kwa tabaka jembamba la kuikinga, kwa hivyo mtu anayeipaka mafuta ya nazi akidhani anailisha, anakilisha kile kifuniko tu. Mafuta hayaingii, yanabaki juu na kukamata vumbi. Kinachoiua ngozi ile ni jasho, mafuta ya mwili na ya nywele, rangi ya jinzi, na mchanga. Mchanga hasa. Hukaa kwenye mikunjo na kila mtu akikaa na kuinuka husaga kama msasa.

Kwa hivyo kutunza ni kazi ya kuondoa kabla ya kuwa kazi ya kupaka. Unaanza kwa kuvuta vumbi kwenye mishono, ukiwa na brashi laini. Kisha unachukua sabuni nyepesi, si ya unga wa kufulia, na unatumia povu lake zaidi kuliko maji, kwa sababu maji yakipita kwenye uzi yanaingia kwenye sponji ya siti, na huko hayatoki upesi. Unafanya sehemu ndogo, kiasi cha kiganja viwili vitatu, unasugua taratibu, unapangusa, unageuza kitambaa, unapangusa tena. Kitambaa kikitoka cheusi ndipo unapojua siti ilikuwa imebeba nini. Unakausha kivulini. Mwisho kabisa ndipo unapopaka kinga nyembamba, ile yenye asili ya maji na inayozuia mionzi, na unaifuta mpaka mkono usihisi kitu. Kisha unamwambia mwenye gari aegeshe chini ya mti, au aweke kizuizi cha jua kwenye kioo, jambo ambalo linafaa kuliko chupa zote na halina faida kwa muosha gari.

Na hapa ndipo penye tatizo. Ukimaliza kazi hiyo, dashibodi haing'ai. Imekuwa safi na ina weusi uliopoa. Hivyo ndivyo ilivyotoka kiwandani, kwa makusudi, ili jua lisidunde juu yake na kurudi kwenye kioo likamsumbua dereva. Mteja akiiona anauliza: "Hii mbona hamjaipaka?"

Kung'arisha ni jambo jengine. Unachukua mafuta yenye silikoni, unapaka juu ya vumbi lililobaki, na dakika kumi baadaye ndani kote kunametameta. Plastiki iliyopauka inarudi kuwa nyeusi. Nyufa ndogo zinazama. Baada ya siku chache mafuta yanakuwa yamekamata vumbi jipya, na ukiupaka usukani unateleza mkononi. Lakini siku ya kuuza, hakuna kinachoushinda mng'ao ule. Kazi ya saa sita na kazi ya dakika kumi zikiwekwa pamoja, ya dakika kumi ndiyo inayopata sifa.

Nilipomweleza ami kwamba mng'ao huu unanikera, alinijibu kwa hoja ambayo sikuweza kuipuuza. "Hata bi harusi hupambwa," alisema. "Anasuguliwa singo, anatiwa hina, anafukizwa udi. Nani amesema bwana harusi kaibiwa?"

Ami ana haki yake hapo. Sisi si watu wa kuona pambo kuwa ni uongo. Tunapiga kanzu pasi kabla ya sala ya Ijumaa, tunapaka chokaa nyumba kabla ya Idi, tunawakaribisha wageni sebuleni na si stoo. Mtu anayetaka kila kitu kionekane kama kilivyoamka asubuhi hana adabu, na huenda hana upendo pia. Kama kung'arisha ni uongo, basi nusu ya ustaarabu wetu ni uongo.

Nilikaa na hoja hiyo wiki nzima, na kilichonisaidia ni kisa ambacho wengi wetu tulikisikia chuoni tukiwa watoto. Siku ya kufunguliwa Makka aliletwa Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, mzee ambaye kichwa na ndevu zake zilikuwa nyeupe kabisa. Mtume (S.A.W.) akaelekeza weupe ule ubadilishwe kwa rangi, ila waepuke rangi nyeusi. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu uzito wa katazo hilo. Lakini miongoni mwa walioishikilia rangi nyeusi kuwa haifai, wapo waliotoa sababu hii: nyeusi inamfanya mzee aonekane kijana mbele ya mtu ambaye ana haki ya kujua umri wake, kama mwanamke anayemposa.

Hina haina tatizo hilo. Kila anayeiona anajua kuwa ni hina. Inapamba huku inajitangaza. Rangi nyeusi inataka kuchukuliwa kuwa ni nywele zenyewe. Bi harusi aliyetiwa hina hajaficha kitu, kwa sababu hakuna bwana harusi duniani anayedhani mkewe amezaliwa na maua mikononi. Lakini dashibodi niliyoipaka mafuta ilikuwa inataka kuchukuliwa kuwa ni dashibodi isiyo na ufa. Na udi wangu haukutiwa ili gari inukie vizuri. Ulitiwa ili maji yasinuke. Udi ni ule ule, chetezo ni kile kile, na moshi unapanda vile vile. Tofauti iko kwenye swali moja: je, ningependa mnunuzi ajue kwa nini nimeutia?

Ningeona haya. Hapo nikapata nusu ya jibu.

Nusu ya pili ilinijia kwa njia ya aibu zaidi, kwa sababu ilikuwa karibu mno na mkono wangu mwenyewe. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, na vidole vyake vikagusa majimaji. Akamuuliza mwenye mali kulikoni. Yule mtu akajibu kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu ili watu waione. Kisha likaja onyo kali juu ya anayeghushi.

Nimeisikia hadithi hii tangu sijui kusoma, na siku zote nilikuwa nikisikia mwisho wake tu, lile onyo. Safari hii nilisikia katikati. Hakuambiwa asiiuze nafaka iliyolowa. Hakuambiwa aimwage, wala hakulaumiwa kwa mvua. Nafaka iliyolowa ina bei yake na ina wanunuzi wake; mwenye kuku ataichukua. Alichotakiwa ni kuiweka juu. Gari yenye maji chini ya zulia nayo ina bei yake, na Mwalimu angeweza kuinunua kwa bei hiyo, akabakiwa na fedha za kuitengeneza. Sisi tuliyaweka maji chini na mng'ao juu.

Sheria za biashara katika Uislamu zina mfano mwengine wa jambo hili, nao ni mnyama aliyefungwa chuchu. Muuzaji haachi akamuliwe siku mbili tatu, kiwele kinajaa, na mnunuzi anadhani amepata mnyama wa maziwa mengi. Hakuna aliyesema neno la uongo. Kiwele kimejaa kweli, maziwa ni ya kweli. Hata hivyo mnunuzi amepewa siku tatu za hiari: akitaka atabaki naye, na akitaka atamrudisha pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyokwisha kunywa. Waliotunga fikihi walielewa kwamba uongo hauhitaji ulimi. Kiwele kinaweza kuusema. Dashibodi nayo inaweza.

Sikuishia hapo, kwa sababu ami hakuwa ameishia hapo. Alikuwa na hoja ya pili, nayo ndiyo aliyoisema siku ya kwanza: hayo si yetu, sisi tumeambiwa tuing'arishe. Mbishano huu ni mkongwe. Mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Mrumi Cicero aliandika kitabu kuhusu wajibu, na ndani yake akaeleza jinsi wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater, walivyotofautiana kuhusu mtu anayeuza nyumba yenye mbao zilizooza na nyoka vyumbani, naye peke yake ndiye anayejua. Diogenes alishikilia kuwa muuzaji aseme zile kasoro ambazo sheria inamlazimisha aseme, na zaidi ya hapo kunyamaza si kuficha. Antipater alishikilia kuwa lazima aseme yote, kwa sababu binadamu wana ushirika wa asili, na kumwacha mwenzako aanguke kwenye shimo unaloliona ni sawa na kumkosesha njia kwa makusudi. Cicero alimuunga mkono Antipater.

Mimi nilianza nikiwa upande wa Diogenes bila kumjua. Nilijiambia gari si yangu, bei si yangu, dalali ndiye muuzaji. Lakini kuna jambo ambalo hata Diogenes asingenitetea. Mimi niliulizwa.

Baada ya muda nilianza kuona kwamba madhara hayakuishia kwa Mwalimu. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la gari zilizokwisha tumika, makala ambayo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hoja yake mtu yeyote wa Darajani anaielewa. Chukua mfano: gari nzima ina thamani ya shilingi milioni 12 na mbovu ina thamani ya milioni 6, lakini kwa macho zinafanana. Mnunuzi asiyeweza kuzitofautisha hatatoa 12. Atatoa katikati, tuseme milioni 9. Kwa bei hiyo mwenye gari mbovu anafurahi, na mwenye gari nzima anaona bora abaki nayo. Gari nzima zinaondoka sokoni, wanunuzi wanagundua zilizobaki ni mbovu, bei inashuka tena. Mwisho hata mtu mkweli hapati wa kumwamini.

Kitambaa changu ndicho kilichokuwa kikizifanya zifanane. Nilikuwa nikijiona mtu mdogo kabisa katika biashara ile, kijana wa ndoo na brashi, kumbe kazi yangu ndiyo iliyokuwa ikifuta alama ambazo mnunuzi angezisoma. Waungwana wa zamani walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sasa ndani ya gari ndiko kulikogeuzwa mlango.

Na kinachouma ni kwamba alama zile ziliwahi kuandikwa. Gari nyingi zinazoingia Unguja zimetumika Japani, na nyingi hupita mnadani kabla ya kupakiwa melini. Kule mnadani kila gari hukaguliwa na kuandikiwa karatasi moja. Ina alama ya hali yake kwa jumla, herufi ya hali ya ndani, na mchoro wa gari ambao mkaguzi huutia alama penye mkwaruzo na penye bonyeo. Huandikwa hata tundu la sigara kwenye siti, doa, ufa wa dashibodi. Mtu ambaye hatakutana na mnunuzi maishani mwake amekaa akaandika kwamba siti ya kushoto ina doa. Karatasi hiyo inaweza kuvuka bahari pamoja na gari, lakini mara nyingi mnunuzi wa mwisho haioni. Badala yake anapewa mng'ao.

Mwalimu alirudi mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukiwa umetulia na jua zuri. Hakuja kulalamika. Alikuja kuoshewa siti. Zilikuwa zimetoa madoa ya ukungu, meupe na ya kijani, hasa chini karibu na sakafu. Alisimama karibu yangu kama mtu aliyeleta mtoto spitali akijua atagombezwa.

"Sikuitunza," aliniambia. "Wewe uliniachia gari nzuri, mimi nimeiharibu. Sijawahi kuwa na gari, sijui. Nifundishe namna ya kutunza."

Alikuwa ameshanunua manukato ya kuning'iniza kwenye kioo. Alikuwa akiiacha vioo wazi uani usiku. Alikuwa amemkataza mjukuu wake asikae na nguo za mvua.

Sikuwa nimelifikiria hilo kabla. Nilijua kwamba anayeficha kasoro anachukua fedha zisizo zake. Sikujua kwamba anamwachia mwenzake lawama pia. Kasoro iliyofichwa ikijitokeza baadaye, hujitokeza mikononi mwa asiye na hatia, na yeye hujiona ndiye aliyeisababisha. Mtu mzima aliyefundisha maelfu ya watoto alikuwa amesimama mbele yangu akiomba radhi kwa maji niliyoyagusa mimi.

Nikamwambia. Nilimwambia mkono, zulia, udi, ufa, yote kwa mpango, kwa sababu niliogopa nikisita nitaacha kitu. Ndege ikapita katikati ya maneno yangu, tukasubiri. Ilipotua nikamaliza.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, bila kupandisha sauti: "Dalali sikumuuliza. Nilikuuliza wewe."

Siku hiyo na ya pili yake tulitoa siti, tukang'oa zulia. Sponji ya chini yake ilikuwa imeshiba maji. Tuliianika juani kwa siku mbili. Ukungu wa siti niliutoa kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha sabuni, kisha kitambaa kikavu. Bati la sakafu lilikuwa limeanza kutu; tulilikwangua na kulipaka rangi ya kuzuia. Na tulipotafuta maji yanatoka wapi, tulikuta bomba dogo linalotoa maji ya kiyoyozi nje ya gari limeziba kwa uchafu. Nililizibua kwa waya. Maji yalimwagika chini kiasi cha kikombe, kisha yakawa yanadondoka nje kama inavyotakiwa. Ilikuwa kazi ya dakika tano. Mwezi wa Aprili ingekuwa pia kazi ya dakika tano, kama tungelikubali kwamba maji yale ni yetu.

Dalali alisema gari iliyotumika haina dhamana, na tofauti ya bei haikurudi. Nilimpa Mwalimu malipo yangu ya siku ile ya Aprili. Alihesabu, akayatia mfukoni bila ya kusema nimekusamehe. Nilishukuru kwamba aliyachukua. Haki ya mja hailipwi kwa majuto.

Tangu hapo, kila gari ninayoisafisha kwa ajili ya kuuzwa naiandikia karatasi na kuibandika kwenye kioo kwa ndani: niliyofanya upande mmoja, niliyoyakuta na sikuyatengeneza upande wa pili. Dalali mmoja amehamisha gari zake kwenda kwengine. Ami haipendi. "Karatasi yako ina adabu," aliniambia, "lakini hailipi kodi ya kiwanja." Sina jibu la hilo. Hesabu za Akerlof zinampa haki yeye: mkweli peke yake sokoni huonekana mwenye bidhaa mbovu, kwa kuwa ndiye pekee aliyeweka iliyolowa juu. Siwezi kumwahidi ami kwamba watu watatupenda kwa karatasi zetu. Ninachoweza kusema ni kwamba siku hizi nikiulizwa swali lile, silijibu kwa neno moja.

Mwalimu huja kila mwezi. Natoa mchanga kwenye mishono, naosha kwa povu, nakausha, napaka kinga nyembamba ambayo haing'ai. Nikimaliza, kabla ya kuchukua ufunguo, huinama upande wa abiria, hutia mkono chini ya zulia na kuuacha humo kwa muda. Kisha hukiangalia kiganja chake, na hunionyesha.